Fomu Iliyokaa kwa Mjomba Tani

Karakana ya Mizani
Tarehe 12 Februari

Mpwa wangu mpendwa Gramu,

Kwanza ujue kwamba barua hii inaandikwa na mtu ambaye akiugua wiki moja tu, mji mzima unasimama. Sisemi kwa kujisifu. Hakuna kilo ya sukari, gunia la saruji wala kichanga cha hospitali kuu kinachopimwa hapa kwenye mizani ambayo haijapita mikononi mwangu. Juzi mkuu wa soko alinifuata mwenyewe kwa miguu, kofia mkononi, akaniambia, "Bwana Tani, usipokuja leo sifungui." Nikamwambia angoje nimalize chai. Akangoja. Soko zima likangoja.

Baada ya hayo, salamu. Sisi huku wazima, ila goti la mkaza mjomba wako linamsumbua akipanda ngazi, na yeye akishafika juu ananisumbua mimi, kwa hiyo goti moja linatesa watu wawili. Paa letu lilikuwa linavuja, nikalitazama kwa ukali, limeacha. Binamu yako mkubwa amepata uhamisho, na sasa anakuja kututembelea akiwa na begi lenye magurudumu, utadhani anakwenda kupanda ndege sebuleni.

Mama yako ameniandikia kwamba umefaulu mtihani wa kumaliza shule. Sikushangaa. Nakukumbuka likizo zile ulipokuwa na miaka minane, umekaa kwenye kreti karibu na meza yangu ya kazi, ukiyapanga mawe ya mizani kuanzia kubwa hadi dogo. Wenzako wangependa lile la kilo ishirini, wewe ulikuwa hutaki ila lile la gramu moja, na ulilishika kwa kibano kama nilivyokufundisha, kwa sababu jasho la kidole lina uzito wake. Mafundi wakakuita Gramu, na jina likagoma kutoka. Wakati ule karakana ilikuwa imejaa. Ulikuwa ukitupigia kelele tunyamaze ili jiwe lako litulie, na watu wazima kumi na mmoja wananyamaza.

Sasa swali ni hili: utafanya kazi gani? Mimi mjomba wako nilimaliza jambo hilo kwa dakika tatu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tulikuwa vijana mia nne kwenye uwanja wa ofisi ya kazi. Meneja akatoka, akatupitia safu moja moja, akafika kwangu akasimama. Hakuniuliza jina. Akanitazama mikono, akasema, "Huyu." Mia tatu na tisini na tisa wakarudi kwao.

Niandikie umeamua nini. Na ukiamua, uamue kama mimi, kifua mbele.

Mjomba wako,
Tani


Tarehe 3 Machi

Mjomba Tani,

Shikamoo. Pole na goti la mkaza mjomba, na mwambie ile dawa ya kuchua niliyompa ni ya kupaka, si ya kunusa. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu. Anasema mkuu wa soko mwenye kofia ni yule yule aliyekuja mwaka juzi akiwa mkuu wa bandari, au ni ndugu yake?

Mjomba, nina jambo. Unajua mama amekaa Idara ya Maji miaka ishirini na mbili. Mkuu wake ameahidi kuniweka mapokezi kuanzia tarehe moja Julai. Kiti chenyewe nimeshakiona. Kiko chini ya dirisha, na kina mto wa kijani ulioachwa na dada aliyestaafu mwezi uliopita. Aliukalia hadi ukawa na umbo lake. Mama alinionyesha ule mto kama mtu anayekuonyesha nyumba. Najua anavyonipenda, na kazi si mbaya, na kila mtu mtaani ananipongeza kama vile nimeshaanza.

Lakini mwezi wa kumi na mbili nilikwenda hospitali kumwona rafiki yangu aliyelazwa. Kwenye kona ya wodi kulikuwa na mashine imefunikwa shuka, na karatasi imebandikwa juu: MBOVU. Nikamuuliza muuguzi imeharibika lini. Akasema, "Mimi nilipoajiriwa nimeikuta hivyo hivyo, tunaitumia kutundikia makoti." Nikainua shuka. Sijui nilitegemea kuona nini. Nyuma kulikuwa na kifuniko chenye skrubu nne, na moja ilikuwa imelegea. Niliikaza kwa ukucha, basi. Haikupona, lakini tangu siku hiyo kila jengo ninaloingia naona mashine zilizofunikwa shuka.

Kuna chuo kinafundisha kutengeneza vifaa vya hospitali, miaka miwili. Nimeomba nafasi na wamenikubali. Kimebaki kitu kimoja: fomu ya mdhamini. Wanataka mtu mzima wa ukoo aliyeshika kazi moja kwa miaka kumi au zaidi, aahidi kwamba sitaacha masomo njiani. Mama amekataa. Amesema, "Mimi nimekulia kwenye nyumba inayonuka mafuta ya mashine, sikukuzaa uirudie." Amesema pia kwamba mashine ikimshinda mtu, mtu huyo anaitwa mjinga, lakini faili likipotea hapotei mtu. Sijui hilo linamaanisha nini, ila alilisema mara mbili.

Umebaki wewe. Fomu ninaiambatisha. Ni mistari minne na sahihi, hata dakika zako tatu hazitaisha. Isipofika chuoni kufikia tarehe 30 Juni, nafasi anapewa mwingine.

Mpwa wako,
Gramu


Karakana ya Mizani
Tarehe 14 Aprili

Mpwa wangu Gramu,

Marahaba, marahaba sana. Mwambie mama yako kwamba mkuu wa soko na mkuu wa bandari ni watu wawili tofauti, na wote wawili wananiogopa.

Unisamehe kuchelewa kujibu. Niliitwa kiwanda cha saruji. Ile mizani yao kubwa ya kupimia malori ilikuwa imegoma, lori tupu linasoma kama limejaa. Wameleta mafundi watatu wa mbali, suti, masanduku ya chuma, wanaongea kwa sauti ndogo kama madaktari. Siku mbili hawajui. Siku ya tatu mwenye kiwanda akasema, "Niitieni Tani." Nikafika, sikufungua hata mkoba. Nikazunguka mizani mara moja, nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono chini hadi begani, nikatoa chura. Chura, Gramu, mkubwa kama kiatu! Alikuwa amejibana kwenye kona, anakula mshahara wa kiwanda kimyakimya. Wale watatu wakafunga masanduku yao bila kuaga.

Mkaza mjomba wako sasa anapaka dawa, na bado anainusa, anasema inamfungua pua.

Kuhusu kazi, nakuambia mjomba wako alivyofanya, ujifunze. Shirika la reli lilikuwa linanitaka kwa udi na uvumba. Lilinitumia mtu nyumbani. Akakaa kwenye kiti cha babu yako, akasema, "Kijana, tumekuwekea treni." Si behewa, treni! Nikamtazama, nikamwambia, "Bwana, treni inakwenda pale reli ilipolazwa. Mimi naenda ninapotaka." Akaondoka ameinamisha kichwa. Kwa hiyo ukiniuliza, kazi unaijua kwa kuikataa ile nyingine. Ukishaikataa moja kwa heshima, iliyobaki ndiyo yako.

Huku mvua ni nyingi na mizani zinapata kutu. Ile fomu imefika. Nimeiweka mahali salama.

Mjomba wako,
Tani


Tarehe 27 Aprili

Mjomba Tani,

Shikamoo. Chura nimemsomea mama, alicheka hadi akaweka sufuria chini. Kisha akasema, "Huyo chura mwaka kesho atakuwa mamba." Hatujambo. Mama amenunua kitambaa cha kunishonea sketi ya ofisini. Hakuniuliza rangi.

Mjomba, usikasirike. Mwezi wa pili meneja alikuchagua kati ya mia nne bila kukuuliza jina. Mwezi wa nne shirika la reli linakubembeleza nyumbani. Ilikuwa siku moja, au ulikuwa na miaka kumi na saba mara mbili?

Sikuulizi ili nikucheke. Nauliza kwa sababu nataka kujua kweli kweli. Ulijuaje? Wewe ulipotoka pale ofisi ya kazi ulihisi nini kifuani? Mimi watu wananiona nimeamua, na mdomoni nimeamua. Lakini juzi nilipita Idara ya Maji kumpelekea mama mwavuli, na kile kiti kilikuwa bado kitupu, jua limekipiga vizuri, nikawaza: kwani nikikaa hapa nitakufa? Nikakaa kidogo. Ule mto ni laini, Mjomba. Niliinuka haraka kama nimekalia pasi.

Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua aliyechagua kazi na akaipenda. Mama hakuchagua, alipata. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa anasema kazi ni kazi. Kwa hiyo ninakutegemea wewe.

Na fomu ikiwa bado iko mahali salama, naomba itoke.

Gramu


Karakana ya Mizani
Tarehe 21 Mei

Mpwa wangu Gramu,

Marahaba. Nilipata homa, si homa ya kawaida, daktari aliniambia mtu mwingine angekuwa amekwisha. Sasa mzima. Mkaza mjomba wako amefurahi, ingawa alisema kile kilikuwa kikohozi.

Leo nilikuwa nasafisha rafu ya juu, nikakuta ile sahani ya shaba ya mizani ya babu yako. Nikakaa nayo chini, kazi ikasimama. Wewe babu hukumkuta, kwa hiyo nakuambia. Alikuwa akipima kitu hapimi mara moja. Anapima, anahamisha kitu kwenye sahani ya pili, anapima tena, halafu anakirudisha anapima mara ya tatu. Ukimuuliza kwa nini anasema, "Ya kwanza nasalimiana nayo." Na mkono wa mizani unapocheza kabla haujatulia, alikuwa anafumba macho. Wateja wageni walidhani anasinzia. Alikuwa anasikiliza. Kuna sauti ndogo, kama mtu anayemeza mate, ukiisikia ujue mhimili umechakaa. Mimi ilinichukua miaka sita kuisikia. Wewe ulinipigia kelele "kuna kitu kinameza mate" ukiwa na miaka minane, nami nikaangusha bisibisi.

Sasa hivi mizani nyingi ni za umeme, zina namba nyekundu, hazimezi mate wala nini. Zikiharibika wanazitupa. Wale kumi na mmoja tumebaki wawili, mimi na mwenzangu asiyesikia vizuri sikio la kulia, na redio tunaisikiliza kwa sauti kubwa kwa ajili yake. Lakini bado asubuhi nikifungua mlango, ile harufu ya mafuta na shaba ikinipiga, nawaona wote mahali pao. Namwona babu yako kwenye dirisha. Siku alipojua kwamba nimechagua mizani, alirudi nyumbani mapema, akaosha mikono hadi viwiko, halafu

Tuyaache hayo.

Kuhusu fomu, elewa kwamba sahihi ya mtu kama mimi haiwekwi ovyo. Kuna watu wazito wanaisubiri sahihi yangu tangu mwaka jana. Halafu wino wa mhuri wa karakana umekauka. Halafu inafaa nitafakari, maana mama yako ni dada yangu mkubwa, alinishika mkono kunipeleka shule darasa la kwanza, na nilipolia njiani alinibeba, ingawa alikuwa amenizidi miaka mitatu tu. Mtu kama huyo huwezi kumpita hivi hivi.

Vumilia kidogo.

Mjomba wako,
Tani


Tarehe 2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Ile sehemu ya babu nimeinakili kwenye daftari. Lakini hatuwezi kuendelea hivi. Fomu haihitaji mhuri wa karakana, inahitaji jina lako na sahihi yako. Miezi mitatu, Mjomba. Umenitumia chura, umenitumia treni, umenitumia homa. Mistari minne hukunitumia.

Nilimwambia mama kwamba umekawia kwa sababu unamheshimu. Akaacha kukata kitambaa, akaniuliza, "Fomu? Umempelekea mjomba wako fomu?" Akacheka, si kicheko kikubwa, kile cha puani. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Mjomba wako hataitia sahihi hiyo, tafuta mtu mwingine." Kisha akashika mkasi, akaendelea kukata. Kwa hiyo mmeshaongea. Kama mmekubaliana kwamba nikakae mapokezi, ungeniambia tu. Ningelia siku mbili nikanyamaza. Kinachoniuma ni kwamba nimekuwa nikikuandikia wewe kama mtu aliye upande wangu.

Mtu mwingine wa ukoo aliyeshika kazi moja miaka kumi hayupo. Sketi iko tayari, ni ya kahawia. Fomu isipofika, tarehe moja Julai nitaivaa.

Binti wa dada yako


Karakana ya Mizani
Tarehe 15 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Umeniita Mjomba tupu bila Tani, na chini hukuweka Gramu. Nimeona. Nilisoma barua yako nimesimama mlangoni, mkaza mjomba wako akaniuliza nani amekufa.

Goti lake ni lile lile na paa limerudia kuvuja. Salamu zimekwisha, nisikilize.

Sijakubaliana na mama yako jambo lolote. Hajaniandikia wala sijamwandikia. Alipocheka alikuwa anakumbuka.

Hakukuwa na vijana mia nne. Tulikuwa kama ishirini, na meneja sikumwona mpaka mwezi ulipokwisha. Shirika la reli halikumtuma mtu nyumbani, mimi ndiye niliyekuwa nalitamani. Nilitaka kuendesha treni, Gramu, nilitaka hadi nikiwa nakula napiga honi. Ofisi ya kazi ikatangaza nafasi, za reli na za karakana, wote mnajaza fomu ya aina moja. Nikaleta fomu nyumbani. Mama yako alikuwa anakaribia kumaliza sekondari, mimi nilikuwa nimeishia darasa la tano. Akaniambia mbele ya rafiki yangu, "Lete nikujazie." Nikamwambia, "Kwani mimi sijui kusoma?" Nikaenda nyuma ya nyumba, nikageuza ndoo, nikajaza mwenyewe.

Barua naziweza, unaona. Barua ni kuongea tu, ila umekaa. Fomu ni kitu kingine. Inasema maneno mawili halafu inanyamaza, inakutazama. Kulikuwa na mstari wa kazi ya mzazi na mstari wa kazi unayoomba. Kwenye kazi ya mzazi niliandika dereva wa treni. Kwenye kazi ninayoomba nikaandika fundi mizani. Nikaipeleka nikiwa nimejaa furaha.

Mzee wa dirishani akaisoma, akanitazama, akasema, "Baba yako dereva wa treni, na wewe unataka mizani? Vijana wenye akili hizi wamekwisha." Hapo ndipo nilipojua. Nilifungua mdomo kumwambia. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na mmoja alikuwa ameshaanza kucheka, sijui kama ananicheka mimi au ni mambo yao. Nikasema, "Ndiyo, mzee." Akagonga mhuri.

Nilipanga kurudi kesho yake kurekebisha. Lakini yule mzee wa dirishani alikuwa na shemeji yake karakana, na kabla sijafika nyumbani babu yako alikuwa ameshaambiwa kwamba mwanawe amejaza mizani kwa mkono wake mwenyewe. Akarudi mapema. Akaosha mikono hadi viwiko, kwa sabuni, mara mbili. Kisha akatoa kibano chake mfukoni, kile ulichokuwa unakitumia wewe, akakiweka kwenye kiganja changu, akanifunga vidole. Mama yako alikuwa amesimama kando. Alikuwa anajua ninachokitaka, akanitazama, akajua kilichotokea. Hakusema siku ile, wala babu yako alipokuwa hai, wala tulipomzika. Miaka thelathini na moja. Kama kuna mtu amenidhamini duniani, ni yeye.

Umeniuliza nilijuaje. Sikujua. Miaka miwili ya kwanza treni ikipita nyuma ya karakana nilikuwa naacha kila kitu, nasikiliza mpaka iishe. Halafu kuna siku, siijui ni ipi, ilipita sikuisikia, kwa sababu nilikuwa naisikiliza mizani. Sina zaidi ya hapo. Sikuichagua kazi, nilikaa nayo tukazoeana, na leo ukiniambia niiache utanipeleka wapi? Lakini usinifanye mwalimu wa jambo ambalo sikulifanya. Kile kiti cha mapokezi ulikikalia, ukainuka mwenyewe. Ile shuka uliiinua mwenyewe, hakuna aliyekutuma. Katika ukoo wetu wewe ndiye wa kwanza kuandika kazi unayoitaka kwenye mstari wake.

Fomu haikukaa huku kwa sababu nakupinga. Nimekaa nayo Jumapili sita, nimeshika kalamu. Kuna "mwombaji", kuna "mdhamini", kuna "uhusiano", kuna "muda katika ajira". Nilikuwa naona kabisa nitakavyojiandikisha chuoni mimi, na wewe ukabaki umenidhamini. Ningekuharibia maisha kwa kalamu ya wino wa bluu. Kwa hiyo nikakuandikia habari za chura. Chura ni wa kweli, ila alikuwa mdogo.

Barua yako ilipofika nikamwambia mwenzangu abaki na karakana. Ijumaa nikavaa koti, nikapanda basi la asubuhi, safari ya saa nne na nusu nzima, hadi chuoni kwako. Ni majengo marefu ya bati, yamepakwa rangi ya krimu, na kuna ukumbi una madirisha mapana. Nilichungulia. Wanafunzi wamezunguka mashine iliyofunguliwa tumbo, mmoja ameingiza mkono hadi begani, wengine wanamwambia, "Taratibu, taratibu." Nilikaa pale dirishani mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia mimi ni mkaguzi.

Fomu imepokelewa. Imegongwa mhuri wa tarehe 13 Juni, jina lako ni la kumi na tisa kwenye orodha, na masomo yanaanza Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Mama yako namwandikia leo hii, barua yake mwenyewe, kumwomba ule mto wa kijani wamtafutie mtu mwingine. Atanuna. Mwache anune, halafu mpe sketi hiyo ya kahawia umwambie inamfaa yeye.

Limebaki jambo moja, na ukilisoma ulisome peke yako. Pale ofisini nilimkuta karani, mama wa makamo kama mimi, mpole, amefunga kitambaa kichwani. Nikamsukumia fomu chini ya kioo. Nikasema kwa ile sauti yangu ya kuongea na wakuu, "Mama, hebu nisomee mstari mmoja mmoja, uniwekee na kidole mahali pa kuandika. Nimesahau miwani nyumbani." Akanisomea yote taratibu, kidole kinahama, mimi naandika nyuma yake. Tulipomaliza akanisihi nisitembee tena bila miwani, nikamshukuru kwa ushauri.

Macho yangu yanaona sisimizi ng'ambo ya barabara, Gramu. Miwani sina, na sijawahi kuwa nayo.

Mjomba wako,
Tani